Salamu ya Kidevuni

Sista hakusalimia watu kwa mkono. Alikushika kidevu, akakiinua kidogo, halafu vidole vyake viwili vikapita chini ya taya, vikashuka shingoni, vikaishia kwenye kile kishimo kilicho juu ya mfupa wa mtulinga. Muda huo wote alikuwa akikuuliza habari za shule, na alitaka jibu. Watoto wa jengo letu pale Seven Hills, magharibi ya Sydney, waliamini kwamba ndivyo Wakenya wanavyosalimiana. Mdogo wangu Eliya alipoanza shule alimshika mwalimu wake kidevu asubuhi ya kwanza, na mama akaitwa aende kuelezwa kwamba hapa watu hawashikanishikani ovyo. Mimi nilikuwa nimesoma Nairobi kabla hatujaletwa Australia, kwa hiyo nilijua vizuri kwamba Wakenya hawana salamu hiyo. Lakini sikumwambia mtu. Mimi si mtu wa kusema. Hata haya ninayaandika kwa sababu kuandika hakukulazimishi kumtazama mtu usoni.

Sista alizaliwa wapi hasa, na lini, sijui. Ukimwuliza umri wake anakujibu, "Nilizaliwa nikiwa nimechelewa kazini." Ninachojua ni kwamba aliishi juu yetu, ghorofa ya pili, na kwamba alikuwa nesi katika wodi ya saratani za damu kwenye hospitali moja kubwa. Kabla ya hapo, zamani, alifanya kazi katika wodi ya watoto karibu na ziwa, kule Kenya magharibi. Salamu yake aliitoa huko. Watoto waliletwa wakiwa na taya limevimba upande mmoja kama wameficha kiazi shavuni, na wengi waliletwa wakiwa wamechelewa, kwa sababu nyumbani walidhaniwa wana jino bovu. Sista akazoea kumshika kidevu kila mtoto anayepita mbele yake, sokoni, kanisani, popote. Alihamia Sydney na vidole vyake vikahama naye.

Jina lenyewe lilituletea shida. Kwa Wakenya nesi yeyote ni sista. Kwa sisi wa Kongo sista ni mtawa. Tulipohamia kwenye lile jengo, jirani akamwambia mama, "Hapo juu anakaa Sista," na mama akaanza kuishi kama tumepanga chini ya kanisa. Aliacha kufungulia rumba siku za Jumapili. Ijumaa alipeleka samaki. Alinikataza kukimbia kwenye ngazi. Hayo yakaendelea hadi Jumamosi moja ya joto kali, mama alipopanda na bakuli lake la samaki akamkuta Sista barazani, amevaa kaptula, chupa ya bia nyeusi mkononi, anacheza rumba peke yake macho amefumba.

Mama alishuka bila kugonga. "Masista anakunywa pombe," alituambia kwa sauti ya chini, kama vile polisi wangesikia. "Na anacheza muzuri kabisa!"

Siku ya pili Sista akaja mwenyewe. "Mama Neema, nimesikia wewe umenifanya mtawa. Haki ya Mungu, hakuna mtu amewahi kunipandisha cheo hivyo." Walicheka mpaka mama akaketi sakafuni. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, na rumba ikarudi, sasa kwa sauti ya juu zaidi kwa sababu aliyekuwa juu aliitaka pia.

Mambo yake mengine hayakupatana. Kazini aliweza kupata mshipa kwenye mkono wa mgonjwa ambaye wengine wote wameshindwa, lakini aliogopa magpai. Mwezi wa tisa ndege hao wanapokuwa na makinda na kuwashukia watu kichwani, Sista alikwenda stesheni amefungua mwavuli jua likiwaka, huku akimtukana ndege kwa lugha ya kwao. Kazini alikuwa mkali wa usafi na nyumbani viatu vya kazi havikuvuka kizingiti, vililala nje ndani ya mfuko wa plastiki. Lakini alipanda sukuma wiki kwenye maboksi ya kuhifadhia samaki, na alichuma jani akalitafuna hapohapo, na udongo wake. Kwenye karata aliiba waziwazi. Ukimkamata anasema, "Nimekupima tu kama uko macho."

Na kulikuwa na chai yake. Kwa Sista hukupewa chai kabla hujasema kilichokuleta. Maziwa yangechemka, tangawizi ingenukia hadi kwetu chini, kikombe kingekuwa mbele yako kitupu, naye angekaa kimya. "Kwanza jina," alikuwa akisema, "halafu chai." Alitaka jambo litajwe kwa jina lake. Hakukubali "ule ugonjwa". Hakukubali "lile tatizo la dada". Mama alipokuwa akimweleza habari za mwanamke mmoja wa kanisani ambaye "ameharibika ndani", Sista aliendelea kufuta meza hadi mama akachoka na kusema: fibroidi. "Asante," Sista akasema, akamimina. Aliniambia kwamba kule ziwani aliona wazazi wakitembea wiki nzima na ugonjwa usio na jina, wakiupeleka kwa huyu na yule, na kila mtu akiupa jina la kupita tu. "Kitu kikikosa jina," alisema, "hata daktari anakizungukazunguka."

Kulikuwa na kirusi kimoja alichokuwa akikizungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia shemeji. Yeye alikiita Mgeni. Nilipata habari zake zote siku moja nikimsaidia kukunja mashuka, kabla ya korona, nilipouliza kwa Kiingereza, kwa sauti yangu ya panya, wale watoto wa taya walikuwa wanaumwa nini.

"Niulize kwa Kiswahili," akasema.

Wakati huo Kiswahili nilikielewa chote na nilikiandika vizuri, ila nikifungua mdomo kilitoka Kiingereza. Akanihurumia akaendelea.

"Kuna mgeni alikuja matangani," akasema. "Unajua wale wageni? Marehemu amezikwa, watu wametawanyika, yeye bado amelala kwenye kochi lenu. Hasumbui. Anakula kidogo. Mwaka unapita, miaka inapita, mnamzoea. Kirusi hiki ndivyo kilivyo. Kinaingia kwa mate, kinakwenda kujilaza ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda, na hakitoki tena mpaka unakufa uzee wako. Karibu kila mtu mzima unayemwona kwenye treni anaye mgeni wake. Mimi ninaye. Na hatufanyi chochote, kwa sababu amelala."

"And then?"

"Kisha, kwa watu wachache, wachache sana, kitu kingine kinaingia nyumbani na kumwamsha. Kule kwetu ilikuwa malaria. Mtoto anaumwa malaria leo, anaumwa tena kesho, zile chembe nyeupe zinachoka na kuzaana ovyo, na Mgeni yumo ndani yake. Chembe moja inakosea. Inazaa, inazaa, haijui kusimama. Ndiyo lile taya." Akalikunja shuka mara ya mwisho na kulipiga kofi. "Na dawa zipo, msichana wewe. Usiniangalie hivyo. Wale waliowahi walipona. Nilimwona mmoja akirudi kunionyesha mtoto wake mwenyewe."

Aliyasema bila kunong'ona. Nadhani ndicho nilichokipenda zaidi kwake. Watu wakubwa wote niliowajua walishusha sauti walipofika kwenye saratani, kama gari linapofika kwenye tuta. Sista alipita na mwendo uleule.

Kisha korona ikaja na salamu ikaisha.

Mwaka wa kwanza alitupungia mkono kutoka kwenye ngazi. Mwaka wa pili, Sydney ilipofungwa na sisi wa magharibi tukafungwa zaidi ya wengine, hata kupunga kulikuwa nadra. Helikopta zilizunguka juu ya mapaa. Wanajeshi walipita na polisi wakigonga milango ya watu waliotakiwa kukaa ndani. Kanisa lilihamia kwenye simu ya mama, na kwaya ikawa watu wanaoimba kila mmoja na wakati wake. Mama hakwenda tena mtaa wa Bankstown kununua unga wa mihogo na ndagala, dagaa wa kwetu. Kila siku saa tano asubuhi, serikali ilipotangaza idadi ya wagonjwa, tulisikia pasi ya Sista ikipigwa juu yetu, tap, tap, akiijibu televisheni. Alipiga pasi kila kitu, hata vitambaa vya vyombo. Akitoka kazini alipanda ngazi akiwa ameegemea ukuta wa mbali, asitukaribie. Na hakumshika mtu kidevu.

Ndiyo maana tezi langu halikuonekana.

Nilianza kwa homa na koo lililouma hadi nikashindwa kumeza mate. Vipimo vilisema si korona. Mama akapigiwa simu na daktari, maana wakati huo madaktari wengi walitibu kwa simu, na kwa kuwa Kiingereza cha mama ni cha kazini tu, cha kuogesha wazee na kuwalisha, wakamuunganisha mkalimani. Tulikuwa wanne kwenye simu moja iliyowekwa juu ya meza: daktari, mkalimani, mama, na mimi niliyeelewa pande zote mbili.

Daktari alisema damu imeonyesha homa ya tezi, ile ambayo hapa wanafunzi wanaiita ugonjwa wa busu. Akasema husababishwa na kirusi cha jamii ya herpes. Akasema ni jambo la kawaida sana. Akasema matezi yakibaki baada ya wiki chache, nirudi niangaliwe.

Mkalimani alikuwa mzee, sauti yake ya pwani, ya heshima. Alikohoa. "Mama," akasema, "uniwie radhi kwa ninayoyasema. Daktari anasema binti ana hapisi. Ni katika yale maradhi ya... ya chumbani. Anasema yanatokana na kubusiana."

Nadhani naye aliumia. Neno alilolijua lilikuwa hilo moja, na maana aliyoijua ilikuwa hiyo moja. Daktari aliendelea kuhusu kurudi kuangaliwa, mkalimani akatafsiri vizuri kabisa, lakini mama alikuwa ameshaacha kusikia. Nilitazama simu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, kwa lugha mbili, na sikutoa hata moja.

Mama hakupiga kelele. Aliuhamisha mswaki wangu kwenye glasi ya peke yake. Kikombe changu alikisugua kwa dawa ya kufulia. Jioni aliketi kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Alikubusu ni mutoto wa nani?"

"Mum, who? We're literally locked in. The police are outside!"

"Unanijibu Kizungu juu unaficha."

Na hapo ndipo nilipokwama. Mimi, ambaye sijawahi kumbusu mtu, ambaye nikikutana na mvulana kwenye korido ya shule nasoma tangazo ukutani hadi apite. Nilitaka kusema hivyo. Kwa Kiingereza isingekuwa kweli, kwa sababu kwa mama Kiingereza ndiyo lugha ya kufichia. Kwa Kiswahili sikuweza.

Homa ikaisha. Matezi ya chini ya taya yakanywea. Moja likabaki, upande wa kushoto, kwenye kishimo kile cha juu ya mtulinga, haliumi, gumu lenye kunyumbuka kama kifutio cha penseli. Wiki zikapita, kikawa kifutio kikubwa. Mama aliliona nikichana nywele na akageuza uso. Simu ya kurudi kwa daktari hakuipiga. Asingeweza kumsikia tena yule mzee wa pwani akikohoa. Nami nilianza kuvaa skafu.

Sista aliigundua skafu. Ilikuwa siku ya joto, tuko chini kwenye kamba za nguo, kila mtu upande wake, barakoa usoni. Alikuwa ameshikilia vibanio mdomoni, ndani ya barakoa, jambo ambalo hadi leo sijui aliliwezaje.

"Baridi ya wapi hiyo?" akasema.

"Nothing."

"Nothing. Hiyo nothing haina jina la Kiswahili?" Akatoa vibanio. "Neema. Kwanza jina."

Sijui ni nini kilifunguka. Labda ni kwa sababu mashuka yalikuwa katikati yetu na sikuuona uso wake. Nilisema, "Mama anafikiri mimi ni malaya." Kwa Kiswahili. Halafu maneno mengine yakafuata yenyewe, simu, mkalimani, hapisi, mswaki, hadi nikashangaa ni mengi kiasi gani. Nyuma ya shuka nikasikia akianza kucheka. Alicheka kwa kweli. "Hapisi! Maskini ya Mungu, hapisi!" Akazunguka shuka akijifuta macho, akavaa glavu zake za mfukoni, akasema, "Njoo nikusalimie, mgonjwa wa chumbani."

Akanishika kidevu. Vidole vikapita chini ya taya, vikashuka. Vikafika kwenye kishimo. Kicheko kikakatika.

"Unatoka jasho usiku? La kubadilisha shuka?"

"Ndiyo."

"Nguo zinakulegea?"

"Kidogo."

"Mwili unawasha?"

"Ndiyo."

Akavua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine, polepole. "Sawa," akasema. "Twende kwa mama yako."

Hakuingia. Alipindua ndoo akaikalia kwenye ngazi, na mama akasimama mlangoni amekunja mikono. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya mlango, ninasikia.

"Mama Neema, uliugua tetekuwanga?"

"Ile ya kuvimba bipele? Niliugua, nikiwa mutoto."

"Basi karibu ukooni. Hiyo nayo ni herpes."

"Miye?"

"Wewe. Mimi. Mchungaji wako. Herpes ni ukoo, mama, kama ukoo wowote. Mmoja ni malaya, ndiyo, yupo. Lakini wengine ni watu wa kawaida. Tetekuwanga ni mtoto wa ukoo huo. Mkanda wa jeshi ni tetekuwanga yuleyule akirudi uzeeni. Na huyu wa binti yako anaishi kwenye mate. Watoto wetu wengi wanampata wakiwa wadogo, kijiko kimoja, kikombe kimoja, mama anamtafunia mtoto chakula. Wewe ulimtafunia Neema?"

"Hapana!" Mama alikasirika. "Sikumutafuniaka hata siku moja. Bamasista balitufundisha ni buchafu."

"Si unaona? Umemlea kisafi, amefika huku mkubwa hajampata, amekunywa chupa moja ya maji na wenzake wa netiboli kabla hatujafungiwa, homa ikamwangusha. Hiyo ndiyo dhambi yake. Netiboli."

Nilisikia mama akivuta pumzi. "Kumbe haiko ile ya..."

"Haiko. Lakini hilo silo lililonikalisha juu ya ndoo." Sauti ya Sista haikushuka. "Kuna tezi halikunywea. Nimelishika. Kwanza jina: limfoma. Saratani ya tezi. Sisemi anayo. Nasema hilo ndilo jina ambalo daktari lazima alitafute, kwa mikono yake, si kwa simu, na wiki hii. Likiwa silo, tutacheka. Likiwa lenyewe, katika saratani zote za vijana hii ni moja ya zile ambazo mimi nikiziona naingia wodini nikiimba, kwa sababu tunajua cha kufanya."

Mama alikaa chini pale mlangoni. Alilia, si sana. Kisha akaniita, akakivuta kichwa changu mapajani mwake mbele ya Sista, akalishika lile tezi kwa mara ya kwanza.

"Ulijua hukubusu mutu," akasema. "Juu ya nini hukusema?"

"Nilisema kwa Kiingereza, mama."

"Sasa," akasema Sista, akisimama na ndoo yake, "nawaleteeni chai. Naiacha kwenye ngazi."

Lilikuwa lenyewe. Hodgkin, ndilo jina lake la ukoo mdogo. Walikata kipande cha tezi, wakakiangalia, na daktari wa hospitali ya watoto akatueleza, kwa mkalimani mwingine aliyekuja amejiandaa, kwamba ndani ya zile chembe zilizoharibika wamekikuta kile kirusi. Nilipomwambia Sista kwenye simu alisema, "Kwa hiyo Mgeni alikutwa jikoni. Hatuwezi kuapa kwamba ndiye aliyewasha moto, msichana wangu. Wengi wanaye na nyumba haiungui. Lakini alikutwa jikoni." Nilimwuliza kama nilikosea kunywa ile chupa ya maji. Akasema, "Usinipotezee bando kwa upuuzi."

Dawa zilinitapisha, nywele zikaenda, sombe ya mama, yale majani ya mihogo, ilinigeuka nikawa siwezi hata kuinusa, na mama akaila yeye kwenye ngazi ili harufu isiingie. Sista hakuruhusiwa kuja kunitazama. Hospitali ilipokea mzazi mmoja tu. Lakini siku moja mama akaniita dirishani. Chini kwenye maegesho ya magari alikuwa amesimama Sista, sare ya kazi, mwavuli umefunguliwa dhidi ya magpai. Alipoona nimefika alishika kidevu chake mwenyewe, akakiinua, akapitisha vidole viwili chini ya taya hadi mtulingani. Nami nikafanya hivyohivyo kwenye kioo. Mlinzi aliyekuwa karibu alitutazama kama watu wa dini fulani.

Nilipona. Ninaandika neno hilo bila kunong'ona, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Madaktari bado wananiita kuniangalia na bado naenda.

Kufikia wakati huo Sista alikuwa amehamia Bankstown. Mji ulikuwa umefunguliwa, barakoa zilibaki mifukoni mwa makoti ya mwaka uliopita. Mama alifanya shukrani kanisani, watu wengi, wali, mbuzi, kwaya yenye mwili. Kiti cha mbele kilikuwa cha Sista. Hakuja. Alipiga simu akasema ana mafua na damu yangu bado changa, asije akaniambukiza. Niliamini. Baada ya wiki mbili bado ana mafua. Baada ya mwezi, bado. Mama akasema labda tumemkosea. Mimi nikasema nitakwenda.

Nilipanda treni peke yangu, nikabadilisha stesheni ya Lidcombe, nikapita katikati ya maduka ya Bankstown ambako kila mtu anauza kwa sauti ya juu, na sikusoma tangazo lolote ukutani. Alifungua mlango kidogo, kisha akaufungua wote. Alikuwa amekonda. Amejifunga shali upande mmoja, begani hadi kifuani, na joto lote lile.

Hakunishika kidevu. Alisema, "Ingia, ingia, chai iko tayari," akakimbilia jikoni, akarudi, akaanza kumimina kabla sijakaa.

Kabla sijakaa!

Niliweka kiganja juu ya kikombe. Alisimama na birika hewani.

"Kwanza jina, Sista," nikasema.

"Wee mtoto. Utaungua."

"Kwanza jina."

Aliweka birika chini. Halafu akaitoa shali begani. Vipele vilikuwa vimekauka, vimeacha madoa meusi yaliyofuatana kutoka mgongoni kuja kifuani, kama njia ya siafu.

"Mkanda wa jeshi," akasema. Aliusema kwa kunong'ona. Sista, kwa kunong'ona. "Mwanzoni ni kweli nilikukimbia wewe na watoto wa kanisani, maana vilikuwa vibichi, vya kuambukiza. Lakini vimekauka siku nyingi." Akavifunika tena, akavifunua tena. "Hujui ile miaka, Neema. Kule kwetu mtu akiota mkanda, mtaa mzima unamtazama, wanasema huyu tayari, ana ukimwi, wanaanza kumhesabia. Ninajua si hivyo. Ninajua kwa vitabu na kwa macho yangu. Nimewaeleza watu maelfu. Na asubuhi nilipouona kwenye kioo changu mwenyewe, hapa Bankstown, nikafunga pazia."

Jibu lilinijia, tena kwa Kiswahili. "Si ni tetekuwanga yuleyule? Amerudi tu. Karibu ukooni, Sista."

Alinitazama. Bega likaanza kutikisika, na nilidhani analia, kumbe ni kile kicheko cha nyuma ya mashuka. "Jeshi limeondoka barabarani," akasema, "mkanda likaniachia mimi."

Nilizunguka meza. Nilimshika kidevu, nikakiinua kidogo, nikapitisha vidole viwili chini ya taya lake, vikashuka shingoni hadi kwenye kishimo. Ngozi ilikuwa ya moto na laini, na chini yake mshipa unapiga.

"Habari za kazi?" nikamwuliza, maana salamu ile ina maneno yake.

"Sijaenda mwezi mzima."

"Utakwenda lini?"

"Jumatatu," akasema, kidevu chake kikiwa bado mkononi mwangu. "Umeshika nini hapo?"

"Sijashika kitu."

"Tafuta vizuri. Usifanye haraka kwa sababu ni mimi."

Nikatafuta vizuri, pande zote mbili, na bado sikushika kitu. Kisha nikarudi kwenye kiti changu, nikasogeza kikombe mbele yake, naye akamimina.